Mpira wa spini uko taratibu, mbona wapigaji wakubwa wakienda ugenini unawatoa hovyo?

Msomaji wa Mombasa kaniandikia hivi: anaangalia Testi za kriketi, zile mechi za kimataifa za siku tano, za kule India na Pakistan, anaona wapigaji wa Uingereza na Australia ambao kwao wanapiga mipira ya kilomita 145 kwa saa kama hamna kitu, alafu anakuja spina mmoja, yaani mrushaji anayeuzungusha mpira ili ugeuke ukidunda, anarusha kilomita 85 kwa saa anawatoa wanne watano kabla ya chai. Anauliza inakuwaje mpira wa taratibu uwashinde watu walioshinda mpira wa kasi, na je ni kweli kwamba wenyeji wanaharibu pichi, ile ardhi mpira unapodundia, makusudi. Mwisho kaongeza kwamba timu yake inakutana na klabu yenye spina mkali wa mkono wa kushoto, anataka kujua ajiandaeje.

Kaka, tuanze na hiyo kasi, manake hapo ndo watu wengi wanapodanganyika. Ni kweli mpira wa kilomita 85 unachukua karibu robo tatu ya sekunde toka mkononi mpaka kwa mpigaji, wa kasi unachukua nusu sekunde tu au chini yake. Kwa hiyo mtu anasema huyu ana muda mwingi. Lakini huo muda mwingi uko hewani, na spina mzuri hewani ndo anakudanganya. Mpira ukidunda mita tatu mbele yako, kilichobaki kufika kwenye bati ni kama moja ya tano ya sekunde tu, na huo ndo muda ambao jicho na mkono wa binadamu vinahitaji kuanza kubadilisha chochote. Yaani ukisubiri uone umegeuka upande gani ndo uamue, umeshachelewa, wewe na mpigaji bora wa dunia wote mmechelewa. Uamuzi wa mguu unatakiwa uwe umeshafanyika kabla mpira haujagusa ardhi.

Sasa weka hesabu nyingine ndogo. Bati la kriketi kwa sheria halizidi sentimita 10.8 kwa upana, kwa hiyo toka katikati mpaka ukingoni ni sentimita tano na kitu. Mpira ukigeuka nyuzi tano tu, ambayo kwa jicho la kwenye TV inaonekana si kitu, ukiwa umedunda mita tatu mbele yako utakuwa umehama karibu sentimita 26 mpaka unakufikia, umekupita kabisa. Huo huo mpira, kwa nyuzi hizo hizo tano, kama umeufuata mpaka uko mita moja toka ulipodunda, umehama sentimita tisa hivi, hapo angalau bati na pedi (kinga za miguu) zikiwa pamoja unauzima. Na ukiufikia zaidi ya hapo haujapata hata nafasi ya kugeuka. Ndo maana kocha yeyote wa spini atakwambia mambo mawili tu, nenda mbele kabisa mpaka uukute unapodundia, au rudi nyuma kabisa mpaka kwenye vijiti vyako, vile vya nyuma yako ambavyo mpira ukivigonga umetoka, ili uuone umegeuka alafu ndo upige. Katikati ya hapo ndo makaburini, na wageni wengi wanatolewa wakiwa hapo katikati, mguu wa mbele umetoka nusu hatua, bati limetangulia, mikono migumu, mpira unagonga ukingo unaenda kwa mdakaji aliyesimama hatua chache tu toka puani kwake.

Utauliza, sasa kwa nini wasiende tu mbele kabisa au nyuma kabisa kama ni rahisi hivyo? Kwa sababu spina wa kiwango cha juu kazi yake yote ni kukufanya usijue mpira utadunda wapi. Mpira ukizungushwa kwa nguvu kuelekea mbele unazama ghafla mwisho wa safari, ulifikiri unakuja mpaka miguuni kumbe umedunda hatua nzima kabla. Ukizungushwa kwa pembeni unahama hewani kwenda upande mmoja alafu ukidunda unarudi upande mwingine. Mpira wa kwanza wa Shane Warne, spina wa Australia, kwenye mechi za Ashes dhidi ya Uingereza, uwanja wa kriketi wa Old Trafford, tarehe 4 Juni 1993, ulikuwa hivyo hivyo. Ulihama hewani mpaka ukadunda nje ya mguu wa mpigaji wa Uingereza Mike Gatting, Gatting akauziba vizuri tu kwa pedi na bati kama alivyofundishwa, ukageuka ukampita pote huko ukagonga kijiti cha upande wa pili. Na watu wanasahau kwamba Gatting hakuwa mgeni wa spini, alishapiga mikimbio 207 (ndo pointi za kriketi) Madras, Chennai ya sasa, mwaka 1985 mbele ya spina wa India kwao. Kwa hiyo mtu anayejua kabisa anachofanya, akipewa taarifa za uongo na mpira wenyewe, naye anatoka.

Lakini kuna kitu nataka ukielewe kuliko vyote, na hata watangazaji wa TV hawakisemi vya kutosha. Mipira inayogeuka sana siyo inayotoa watu wengi. Inayogeuka sana inakupita, kipa anadaka, watu wanapiga kelele, wewe uko salama bado. Unaokutoa ni ule usiogeuka. Spina anakupa mitatu inageuka, akili yako inaanza kucheza na mgeuko, bati linaenda kwenye mstari wa nje, alafu wa nne unatoka mkono uleule, mwendo uleule, unadunda unakwenda moja kwa moja kwenye vijiti, au kwenye pedi iliyoviziba, na hapo pia umetoka. Angalia Ahmedabad, India, Februari 2021, Testi ya usiku na mchana iliyoisha ndani ya siku mbili. Uingereza walitolewa kwa mikimbio 112 na 81 kwenye zamu zao mbili, na Axar Patel, spina wa mkono wa kushoto anayerusha kwa kasi na bapa kidogo, akachukua wiketi 11, yaani alitoa wapigaji 11. Ukirudia kuangalia zile wiketi utashangaa ngapi ni mipira iliyonyooka, watu wakicheza mgeuko ambao haukuwepo. Na cha kutisha ni kwamba mara nyingi hata Axar mwenyewe hajui upi utageuka, manake ukidunda kwenye mshono unashika ardhi unageuka, ukidunda kwenye ngozi laini ya pembeni unateleza unanyooka. Kama mrushaji mwenyewe hajui, utaisoma vipi kwenye mkono wake?

Alafu ikaja teknolojia ya marudio. Zamani, miaka ya themanini na tisini, mpigaji alikuwa anatoa mguu mbele mbali, anaficha bati nyuma ya pedi, mpira ukimgonga mwamuzi anasema hapana, umetoka mbali sana, sina uhakika. Watu wameishi kwa huo mguu miaka na miaka. Sasa hivi kamera inafuata mpira inaonyesha unakwenda kugonga kijiti, na yule mtu anakwenda zake nje. Kwa hiyo ulinzi mkubwa wa mgeni asiyesoma spini umeondolewa, inabidi atumie bati, na akitumia bati wadakaji wa karibu wako pale wanamsubiri. Naamini hilo ndo limebadilisha mchezo wa spini kuliko mpira wowote mpya uliobuniwa.

Sasa kwa nini wageni hasa? Hapa kuna suala la malezi. Kijana wa Uingereza anakulia kwenye ligi ya kaunti ambayo msimu wake unaanza Aprili, baridi, nyasi za kijani, mpira unayumba kwa mshono, makapteni hawana haja ya spina mpaka huko kiangazi na hata wakimtumia ni ova chache (ova ni mipira sita) za kupumzisha wengine. Kule Australia pichi ni ngumu, mpira unaruka juu, kwa hiyo kijana anajifunza kuuacha mpira kwa kuangalia urefu wake tu, anajua ukidunda pale utapita juu ya vijiti. Ni ujuzi halali kabisa, umewapa mamia ya mikimbio. Lakini mpeleke Ahmedabad au Galle ya Sri Lanka ambako mpira haupandi juu ya magoti, hauwezi kuuacha hata mmoja, kila mpira ni swali na vijiti viko hapo hapo. Ule mguu wake wa mbele anaoutoa mapema kidogo ili awe tayari kwa mpira wa kasi, ambao kwao unamwokoa, huku ndo unamfunga, manake ukishautoa mapema huwezi tena kurudi nyuma. Ni kama kipa anayeruka kabla penati haijapigwa, mpigaji anamwangalia tu anaweka upande mwingine. Tabia ya miaka kumi na tano haifutiki kwa wiki moja ya mazoezi, na siku hizi hata hiyo wiki hawana. Zamani ziara ilikuwa na mechi nyingi za kujipasha na timu za majimbo kabla ya Testi ya kwanza, mtu anatolewa na spina asiyejulikana huko mikoani, anajirekebisha, sasa hivi kalenda imejaa, timu inatua na baada ya siku chache Testi ya kwanza imeanza. Uingereza mwanzoni mwa 2024 walikwenda kambi Abu Dhabi kabla ya India, wakashinda Testi ya kwanza Hyderabad, wakapoteza nne zilizofuata.

Abu Dhabi hiyo hiyo iliwahi kuwaadhibu, na wasomaji wetu walioko Uarabuni huenda wanaikumbuka. Mwaka 2012 Uingereza walikuwa namba moja duniani kwenye Testi, wakaja kucheza na Pakistan kule Falme za Kiarabu, wakahitaji mikimbio 145 tu kushinda, wakatolewa kwa 72. Spina wa Pakistan Abdur Rehman alichukua wiketi sita kwa mikimbio 25 tu aliyotoa. Mwenzake Saeed Ajmal alimaliza ile ziara na wiketi 24 kwa mechi tatu, na mechi zote tatu Pakistan wakashinda. Na ukitazama zile pichi hazikuwa zimepasuka wala nini, zilikuwa pichi za kawaida tu. Watu walikuwa hawamsomi Ajmal mkononi, basi.

Hiyo inanipeleka kwenye swali lako la kuharibu pichi. Jibu la kweli ni kwamba ndiyo, mwenyeji anaandaa pichi inayomfaa, na kila nchi inafanya hivyo, Uingereza wanaacha nyasi, Australia wanaacha ugumu, na India wanaacha ardhi ikauke. Udongo mwekundu kama wa Wankhede pale Mumbai unaruka na unageuka mapema, udongo mweusi unashikana zaidi na mpira unakuwa wa chini na mzito. Mfano wa wazi kabisa ni Pakistan Oktoba 2024. Testi ya kwanza Multan Uingereza walipiga mikimbio 823 wakiwa wametolewa saba tu, Harry Brook akapiga 317 na Joe Root 262. Pakistan wakafanya kitu ambacho sijui kama nimewahi kukiona kwenye kiwango kile, wakaitumia pichi ile ile iliyochoka kwa Testi ya pili, wakaikausha kwa mafeni makubwa, na kwenye ya tatu Rawalpindi wakaendelea na mafeni na mashine za joto. Spina wao Noman Ali na Sajid Khan wakachukua wiketi 39 kati ya 40 za Uingereza kwenye hizo mechi mbili, na ziara ikaisha 2-1 kwa Pakistan. Mimi sioni kosa hapo. Pichi ilikuwa ya timu zote mbili, na Pakistan walikuwa na spina wawili waliojua kuitumia kuliko wenzao.

Na usije ukafikiri kuzaliwa Asia ndo dawa. Huu ndo upande wa jambo ambao unanigusa sana. India walikuwa wameshinda misururu 18 ya Testi mfululizo nyumbani kwao, tangu wapoteze kwa Uingereza 2012, alafu 2024 New Zealand wakaja wakawapiga 3-0. Pune, spina wao Mitchell Santner akachukua wiketi 13, saba kwa 53 na sita kwa 104, mtu ambaye hageuzi mpira sana, anachofanya ni kubadilisha kasi kidogo kidogo mpaka mpigaji anakosa saa yake. Virat Kohli, mpigaji mkubwa wa India, alitolewa kwa mpira ambao haukudunda hata, alikosea kuupima. Alafu Mumbai Ajaz Patel wa New Zealand, aliyezaliwa mji huo huo, akachukua 11 na India wakashindwa kufikisha 147. Wapigaji wa India wa sasa wanalelewa na kriketi fupi kwenye pichi bapa, hawapati tena yale maelfu ya mipira ya spini iliyowakuza wakubwa wao. Kwa hiyo tatizo siyo pasipoti, ni mipira mingapi ya spini nzuri umekutana nayo kabla ya siku hiyo.

Na sisi huku tunao ushahidi wetu. Nairobi Gymkhana, tarehe 24 Februari 2003, Kombe la Dunia, Kenya wakapiga 210 na Sri Lanka, nchi ya spina mkubwa Muralitharan mwenyewe, watu waliolala na spini wakaamka nayo, wakashindwa na legi spina (anayezungusha mpira kwa kifundo cha mkono) kijana Collins Obuya, wiketi tano kwa mikimbio 24. Kenya wakashinda kwa 53. Wiki tatu baadaye Durban, Aasif Karim wa Mombasa, mji wako huo kaka, spina wa mkono wa kushoto ambaye alikuwa ameshastaafu akaitwa arudi, akawarushia Australia mabingwa wa dunia ova 8.2, sita kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio saba kwa jumla na kuchukua watatu, Ricky Ponting akiwa wa kwanza. Kenya walipoteza ile mechi, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa Karim. Tafuta ile video uiangalie vizuri. Hageuzi mpira kwa maajabu yoyote. Anauweka pale pale, taratibu kuliko walivyozoea, kila mmoja unatofautiana kidogo na uliopita, na wale watu waliokuwa wanaponda kila mtu duniani hawajui waende mbele au warudi nyuma.

Waliofanikiwa ugenini nao wapo, na wote wana kitu kimoja, walikuwa na mpango wao kabla hawajafika. Matthew Hayden wa Australia, India 2001, alifagia, yaani swipu, kupiga goti na kuupeleka mpira pembeni, mpira baada ya mpira, akapiga mikimbio 549 kwa Testi tatu wakati spina wa India Harbhajan Singh anawamaliza wenzake kwa wiketi 32. Ollie Pope wa Uingereza alipiga 196 Hyderabad 2024 kwa swipu na swipu za kinyume, spina akawa hajui tena wapi ni salama kudundisha. Swipu inasaidia kwa sababu inaua mgeuko mapema, lakini ukiipiga kwa mpira ulionyooka na mfupi umekwisha, kwa hiyo siyo ya kuokotea siku ya mechi. Kevin Pietersen wa Uingereza yeye alikuwa anateswa na spina wa mkono wa kushoto mpaka ikawa mazungumzo ya kila mtu, Rahul Dravid, mpigaji wa India, akamwandikia barua pepe akamshauri afanye mazoezi na spina wa timu yake bila pedi, ili asitegemee mguu, alazimike kuangalia mpira na kutumia bati. Novemba 2012 akapiga 186 Mumbai, kwenye pichi iliyogeuka toka siku ya kwanza, na mpaka leo kwangu mimi ni iningsi (zamu ya kupiga) bora ya mgeni yeyote pale India. Sachin Tendulkar wa India naye, kabla ya Warne kuja India 1998, alikwaruza pichi ya mazoezi Chennai nje ya mguu wake, akamwomba legi spina wa zamani Laxman Sivaramakrishnan amrushie hapo hapo. Testi ya kwanza Warne alimtoa kwa nne kwenye iningsi ya kwanza, iningsi ya pili ya mechi hiyo hiyo Tendulkar akapiga 155 bila kutoka.

Sasa wewe na yule spina wa mkono wa kushoto mnayekutana naye. Kama unacheza kwenye mkeka juu ya zege, mpira utaruka zaidi kuliko kwenye udongo, kwa hiyo kurudi nyuma ni rafiki yako kuliko kwenda mbele nusu nusu. Mtafute spina yeyote wa mkono wa kushoto, hata wa umri wa miaka kumi na sita, akurushie nusu saa ukiwa umeshika bati na umevaa kinga ya muhimu tu, pedi weka pembeni, na atumie mpira laini wa tenisi kwanza kama unaogopa miguu yako. Kila mpira sema kwa sauti kabla haujadunda, "mbele" au "nyuma", na mguu ufuate ulichosema hata kama umekosea. Utakosea sana mwanzoni. Usijali kuhusu mgeuko kabisa hizo siku za mwanzo, pima urefu tu. Alafu kama unapiga kwa mkono wa kulia, cheza ule ulionyooka kwanza, bati likiwa mbele ya pedi na siyo pembeni yake, mikono laini, ukigeuka ukakupita basi umekupita, mshukuru Mungu urudi kujiweka sawa kwa unaofuata. Na usikae upande mmoja ova nzima. Chukua mkimbio mmoja, mwachie mwenzako wa mkono wa kushoto kama mnaye, spina akilazimika kubadilisha mstari kila mpira ndo anaanza kukosea urefu, na ukiona mmoja umekuwa mfupi sana, yaani umedunda mbali na wewe, rudi nyuma uukate bila huruma.